Jiko, Karani na Koo la Mama

Jumamosi ile Kitinda aliamka na hasira ambayo bado hakuwa na wa kumpa. Alipofika studio akamkuta kaka yake ameshafagia, ameshafungua madirisha, na ameshaichomoa mashine ya Kitinda kwenye rafu na kuweka ya kwake. Hasira ikampata mwenyewe.

"Nani kakwambia uiguse?"

"Nimeisogeza tu," alisema Kaka. "Haijafa."

"Imepoa. Unajua inachukua nusu saa kupata moto."

"Ndiyo maana nimeweka inayofanya kazi."

Siku nyingine wangeishia hapo, maana maneno hayo walishayasema mara nyingi mpaka yamelainika. Lakini siku hiyo hawakuwa wanagombania tangazo la sabuni. Walikuwa wanamgombania mama yao.

Mama alikuwa ameimba kwenye bendi miaka thelathini. Aliimba nyimbo za watu kwenye shughuli za watu, na wimbo wake mmoja, aliotunga mwenyewe, akawa anauimba akiosha vyombo. Haukuwahi kurekodiwa. Familia yenye studio ndiyo hiyo, kila mtu anasema tutarekodi wiki ijayo, na wiki ijayo ina wateja. Halafu sauti yake ikaanza kukatika katikati ya maongezi, akapelekwa kwa daktari wa koo, na daktari akaona kiuvimbe kwenye nyuzi za sauti. Akasema kitaondolewa na Mama ataongea vizuri tu. Alipoulizwa kuhusu kuimba, alizitazama karatasi zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema tusubiri tuone.

Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Kabla ya hapo, daktari alisema, kama ni lazima aimbe, basi aimbe asubuhi moja, na akisikia koo linakwaruza anyamaze. Kwa hiyo ilikuwa asubuhi moja na wimbo mmoja wenye beti nne. Ubeti wa nne Mama alikuwa ameuongeza mwaka huu, na hakuna aliyekuwa ameusikia. Walipomuuliza unasemaje, aliwaambia watausikia siku ya kurekodi kama watu wengine.

Sasa hizo mashine. Kompresa, kwa asiyeijua, ni kama mtu aliyeshika kitufe cha sauti cha redio. Mwimbaji akipaza anapunguza, akinong'ona anaachia, ili msikilizaji asiruke kwenye kiti wala asilazimike kutega sikio. Ya Kitinda ilitengenezwa mwaka juzi kwa kuiga za zamani. Ilikuwa na vitufe vikubwa vya kuzungusha, mshale unaocheza nyuma ya kioo, na ndani taa nne za kioo zilizowaka rangi ya kaa la moto. Ilitoa joto kiasi kwamba paka wa duka la chini alipanda ngazi kuja kuilalia. Aliiita Jiko. Ya Kaka ilikuwa nyembamba, nyeusi, yenye namba za kijani. Ilibana na kuachia kwa kasi ambayo sikio halioni, na ilikumbuka kila ulichoiambia tangu siku ilipotoka kwenye boksi. Kitinda aliiita Karani.

"Hiyo yako ni mashine ya juzi iliyovaa koti la babu yake," Kaka alipenda kusema.

"Na yako inapiga pasi mpaka soksi," Kitinda alimjibu.

Mtu mwenye akili zake atauliza kwa nini wasirekodi sauti tupu, kisha wakaipitisha kwenye mashine moja, halafu nyingine, wakachagua kwa raha zao. Swali zuri, na siku ile liliulizwa. Lakini marehemu baba yao alirekodi enzi za kanda. Sauti ilibanwa ikiwa inaingia na ikalala hivyo hivyo, na fundi aliyekosea alikosea milele. Kompyuta zilikuja, kanda zikatupwa, baba akazikwa, desturi ikabaki. Kurekodi sauti tupu katika chumba kile kulihesabiwa kuwa uvivu, na watoto wale wawili, ambao hawakukubaliana hata juu ya rangi ya pazia, kwa hilo walikuwa kitu kimoja. Maana yake ni kwamba kila mashine ilihitaji kuimbiwa.

"Ubeti wa kwanza tu," alisema Kaka. "Mara moja kwako, mara moja kwangu, tunachagua, Mama anaimba wimbo mzima. Dakika kumi."

"Dakika kumi," Kitinda alikubali, akiwa na hakika kwamba zitatosha tano.

Mama aliingia saa tatu kamili, kitambaa shingoni, akifuatana na mpiga gitaa wao wa zamani, mzee mmoja mwembamba ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote mle ndani lakini wote walimwita Mjomba. Gitaa lake lilisharekodiwa tangu Alhamisi. Siku hiyo alikuja kubeba chupa ya maji ya moto na kukaa kwenye kochi.

"Kwa nini msimrekodi tupu," aliuliza alipoelezwa mpango, "halafu nyinyi mkabaki mnagombana peke yenu?"

Walimtazama wote wawili kama mtu aliyeingia na viatu vya matope. Mjomba akafungua gazeti.

Mama aliingia chumba cha ndani, akavaa hedifoni, akasimama mbele ya maiki. Kupitia kioo Kitinda alimwona akifumba macho. Jiko lilikuwa limeshapata moto. Gitaa likaanza, Mama akaimba ubeti wa kwanza, na kwa muda ule mfupi hakuna aliyekuwa na ugomvi na mtu. Ilikuwa sauti ileile ya kuoshea vyombo, imenyooka, ina wepesi juu na haina haraka.

"Sasa kwangu," alisema Kaka, akahamisha waya.

Mama akaimba tena kupitia Karani. Wakasikiliza zote mbili. Kitinda akasema Jiko limeshinda, mtu asiye kiziwi anasikia. Kaka akasema limeshinda kwa sababu limepigwa juu zaidi, na kitu kikiwa na sauti kubwa kila mtu hukiona kitamu. Hapo Kaka alikuwa sahihi, na hakuna kitu kilichomuudhi Kitinda kama Kaka kuwa sahihi.

"Mama, tena kidogo," alisema kwenye maiki ya mawasiliano.

"Nimekosea?"

"Hapana, wewe uko sawa. Tunalinganisha mashine tu."

Wakarudia ya tatu na ya nne, na safari hii Karani ndiye aliyekuwa juu. Kitinda akasema hapana, haki ni haki, lazima zilingane kabisa. Mbele ya Jiko kulikuwa na swichi ndogo. Ikiwa juu, sauti inapita ndani ya mashine na kubanwa. Ikiwa chini, sauti inazunguka nje na kutoka kama ilivyoingia. Fundi huiteremsha na kuipandisha ili ajue kama sauti ya ndani na ya nje zina nguvu sawa. Kitinda akafanya hivyo. Aliteremsha, akapandisha, akazungusha kitufe kidogo, akateremsha tena, na wakati huo Kaka alikuwa amesimama nyuma ya bega lake akimwambia anachelewesha watu.

"Utanipumulia mpaka lini?"

"Mpaka umalize."

"Nimemaliza. Toka hapo."

Ya tano, Jiko. Kaka akakunja uso. "Sikia inavyomtia vumbi. Sauti ya Mama haina vumbi."

"Hilo si vumbi. Hiyo ni nyama. Umezoea mifupa."

Ya sita, Karani. Sasa ikawa zamu ya Kitinda kukunja uso. Aliirudisha mara tatu ili Kaka asikie mwenyewe. "Huyo karani wako anamkausha. Mwanzo alikuwa na upepo huku juu, umeuona umekwenda wapi?"

Kaka alisikia, na alichukia kwamba amesikia. Alibonyeza namba zake, akaongeza muda wa kuachia, akapunguza, akarudisha palepale.

"Mama, tena."

"Nilichelewa kuingia?"

"Umeingia vizuri kabisa. Ni hizi mashine."

Mjomba alikunja gazeti. "Ubeti wa kwanza ameshauimba leo kuliko alivyouimba mwaka mzima," alisema bila kumwangalia mtu. Kitinda alimwomba, kwa adabu iliyokuwa imebaki kidogo, awaache wafanye kazi. Kupitia kioo alimwona Mama ameweka vidole shingoni, juu ya kitambaa, akadhani anakilegeza kwa ajili ya joto.

Ya saba, Jiko, ndiyo iliyomnyanyua Kitinda kwenye kiti. Chini ya sauti ya Mama kulikuwa na kitu kizito, kinachokwaruza kidogo, kama mtu anayejua anachokiimba kimemgharimu nini. Ndivyo alivyomwambia Kaka, kwa maneno hayohayo, akipiga meza kwa kidole. Hii ndiyo kazi ya taa za kioo, alisema, hii ndiyo tofauti ya kitu chenye roho na kikokotoo. Kaka akaomba nafasi ya mwisho kwa Karani, akaipata, na ya nane ikatoka kavu kuliko ya sita. Kitinda akaomba kuthibitisha. Ya tisa, Jiko, ikatoka nzito kuliko ya saba.

Kaka alivua hedifoni, akaziweka mezani. Ilikuwa karibu saa tano.

"Sawa," alisema. "Kuna kitu hapo chini. Jiko limeshinda."

Kwa miaka miwili Kitinda alikuwa amesubiri sentensi hiyo. Hakuifurahia kama alivyotarajia, kwa sababu alishachoka na kichwa kilimgonga, lakini aliichukua. Alibonyeza kitufe akamwambia Mama kwamba sasa ni wimbo mzima, beti zote nne, mara moja tu na wanakwenda nyumbani.

Ya kumi, Mama aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili ulikuwa na pumzi nyingi. Kwenye wa tatu, pale wimbo unapopanda, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Ilitoka hewa. Alijaribu mstari uliofuata, ikatoka hewa tena, na chini yake mlio mwembamba kama wa mlango. Gitaa la Mjomba liliendelea peke yake mpaka mwisho, likipita ubeti wa nne wote bila mwimbaji, na Mama alisimama palepale mbele ya maiki mpaka lilipoisha, kwa heshima tu.

Alipotoka alisema samahani, kwa sauti isiyofika mlangoni. Mjomba alimmiminia maji, akamshika mkono, akampeleka nyumbani, bila kuwaaga waliobaki.

Waliobaki hawakupoteza muda. Kitinda alimwambia Kaka kwamba kama asingeng'ang'ania Karani wake wangemaliza saa tatu na nusu. Kaka alisema yeye aliomba dakika kumi, na aliyegeuza asubuhi kuwa maabara anajulikana. Walisemana mengine ambayo hayakuhusu mashine, mpaka ya nani alikuwepo na nani hakuwepo Baba alipougua, halafu Kaka akachukua funguo zake na kuondoka.

Jumapili mchana Kitinda alirudi studio peke yake. Alitaka kuona kama anaweza kuokota vipande, mstari huku na mstari kule, akaunda wimbo. Ubeti wa kwanza alikuwa nao mara kumi, wa pili mara moja, wa tatu nusu, wa nne hakuna. Ni sawa na mtu kushona suti kwa mikono kumi ya shati. Alikaa akikodolea macho kioo cha kompyuta, akimlaani Kaka kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akafanya lile ambalo hufanywa kila kazi inapoisha. Alichukua daftari ili aandike mipangilio ya Jiko, siku nyingine ikihitajika irudishwe ilivyokuwa. Kitufe cha kwanza kimeelekea saa nne na nusu, kama mshale wa saa. Cha pili, saa saba. Cha tatu, katikati. Akafika kwenye swichi ndogo.

Ilikuwa chini.

Kwanza alifikiri paka. Akainuka, akaipandisha, akaiteremsha. Ilikuwa ngumu kiasi ambacho paka hawezi. Mshale haukumwonyesha chochote siku ile, kwa sababu mshale wa Jiko huchezeshwa na sauti inayoingia, mashine ikiwa inafanya kazi au imelala. Akarudi kwenye kompyuta, akazifungua zile za Jiko moja moja, akakuza michoro ya mawimbi ya sauti. Ya kwanza na ya tatu vilele vilikuwa vimekatwa kwa upole, kama nyasi zilizofyekwa. Ya tano vilele vilikuwa vimesimama kama vilivyozaliwa. Ya saba hivyohivyo. Ya tisa hivyohivyo. Tangu alipolinganisha nguvu za sauti, Kaka akimpumulia begani, hakuipandisha tena. Kuanzia hapo Jiko halikuwa limegusa kitu. Taa nne za kioo zilikuwa zimewaka karibu asubuhi nzima bure.

Aliweka kidole kwenye swichi. Kuipandisha na kunyamaza ilikuwa kazi ya nusu sekunde, na Kaka, ambaye alishakubali kushindwa, hangejua maisha yake yote. Aliona aibu jinsi wazo lile lilivyomjia haraka. Akachukua simu, akampigia.

Kaka alifika na uso wa mtu aliyekuja kuombwa msamaha. Kitinda alimwonyesha swichi. Akamwonyesha michoro. Alisubiri kuchekwa, na alishaandaa jibu.

Kaka hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Ya saba ilikuwa hivi?"

"Na ya tisa."

"Lakini mimi nilisikia. Ile nzito, hapo chini. Niliisikia kweli."

"Hata mimi nilisikia."

"Na Karani," Kaka alisema polepole, "uliposema anamkausha. Nilihangaika na muda wa kuachia, nikarudisha palepale. Ya pili na ya nane zina namba zilezile. Nilidhani masikio yangu yamechoka."

Kitinda alizipanga zote kumi zifuatane, bila kutenga za mashine hii na za mashine ile, akabonyeza. Jumamosi walikuwa wamezisikiliza mbili mbili, hii kwa hii, kama watu wanaopima vitambaa. Hawakuwahi kuzisikiliza kuanzia mwanzo.

Ya kwanza ilikuwa Mama. Ya pili Mama. Kwenye ya nne aliingiza pumzi mahali ambapo hakuwa akiingiza. Kwenye ya tano vumbi likaanza, lile alilolisikia Kaka. Kwenye ya sita wepesi wa juu ukaondoka, ule alioulilia Kitinda, na hakuna mashine iliyouchukua. Ya saba ikaja na uzito wake. Kitinda aliinamisha kichwa. Hilo ndilo alilolisifu akipiga meza. Koo la mama yake lilikuwa linavimba, na yeye alilisikia, alilisikia vizuri kuliko mtu yeyote, akaliita roho, akaomba arudie. Ya nane. Ya tisa. Kaka alisimama akaenda kutazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama zaidi ya ukuta wa jirani na matangi ya maji.

"Alikuwa anatuambia," Kitinda alisema. "Kila akiimba alikuwa anatuambia. Tukawa tunabishana nani amemfanya hivyo."

"Zima," alisema Kaka. "Ya kumi usipige."

Akazima. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni hakuna aliyekuwa anatafuta cha kumjibu mwenzake. Kitinda angefurahi kama mtu angemtukana.

Simu yake ikalia. Ilikuwa ujumbe wa Mama, ambaye tangu jana alikuwa haongei na anaandika tu, kwa herufi kubwa zote kwa sababu hakujua kuziondoa. LEO KOO LIMETULIA KIDOGO. KESHO HOSPITALI NI SAA NNE. NIKIPITA HAPO SAA MBILI NIWAIMBIE ULE WA NNE HARAKA? MSIJALI MASHINE IPI. NAONA MLISIKITIKA.

Kitinda alimpa Kaka simu. Kaka alisoma, akarudisha, akafuta uso kwa kiganja. Kitinda alijua anachowaza, kwa sababu hata yeye alikiwaza: ubeti mmoja, maiki tupu, dakika mbili. Saa mbili asubuhi koo litakuwa limepumzika. Pengine lingeweza.

"Unasemaje?" aliuliza.

"Wewe ndiye fundi," Kaka alisema, na hakusema kwa kejeli.

Alianza kuandika mara tatu, akafuta mara tatu. Mwishowe aliandika kwamba asije, alale mpaka muda wa hospitali, asiimbe hata akiwa bafuni. Wameshaunga vipande, wimbo umepatikana, umekaa vizuri hata bila ule wa nne. Aliutuma ujumbe haraka, kabla Kaka hajamuuliza watamwambia nini Mama siku atakapotaka kuusikia.